Hema Lililobana

Ugomvi wa kwanza uliletwa na pasi. Ingekuwa pasi ya umeme, ungesema mtu kapitiwa. Hii ilikuwa pasi ya mkaa, lichuma zima lenye kifuniko na jogoo wa shaba puani, na Bwana Pasi alikuwa ameiviringisha kwenye blanketi akaizika chini kabisa ya begi lake, kisha juu akapanga soksi ili asishukiwe. Mama Vifungo ndiye aliyeifichua, maana katika karakana ile ya ushonaji hakuna begi ambalo mkono wa Mama Vifungo haujaingia.

"Hii nini?"

"Pasi."

"Naona kuwa ni pasi. Tunakwenda kupiga kambi, tunalala chini kama mbuzi, na wewe unabeba pasi?"

"Kwani asubuhi mtavaa nguo zimekunjamana?" Bwana Pasi akauliza, na hakuwa anatania. Mtu aliyenyoosha nguo za watu tangu ujana wake hawezi kuona mkunjo akapata usingizi.

"Pasi inabaki," akasema Mkasi bila kuinua kichwa kutoka kwenye kamba alizokuwa akizifunga.

"Basi na kioo cha Mama Vifungo kibaki. Na yale makopo yake ya krimu. Na ule mto wenye marinda."

"Mto wangu umekukosea nini?" Mama Vifungo akaja juu, mikono kiunoni, na hapo ikawa sasa si maandalizi ya safari tena, ni mahakama.

Ndivyo walivyo watu wa karakana ile. Sare za shule zinapomalizika na wazazi wa mwisho wanapoondoka na vifurushi vyao, hufunga mlango na kutoka pamoja kwa siku chache, wakanyooshe migongo. Miaka yote walikuwa wakilala nyumba ya wageni. Mwaka huu Mkasi, ambaye ndiye mkataji na mkubwa wao, alisema wamechoka na vyumba vyenye harufu ya dawa ya mbu, wataenda kupiga kambi juu ya mlima mmoja unaotazamana na ziwa. Gari linakushusha mwisho wa barabara, kuanzia hapo ni miguu yako.

Nje, barazani, Shangazi alikuwa akiyasikia yote hayo huku cherehani yake imenyamaza. Wote walimwita Shangazi, ingawa kwa damu alikuwa shangazi wa mtu mmoja tu, Mkasi, mtoto wa marehemu kaka yake. Alimchukua angali hajui kufunga viatu, akamlea, akamkalisha kwenye cherehani hiyo hiyo akamfundisha kazi. Hakujaliwa mtoto mwingine, na wala hakuona pengo.

Mwaka jana Shangazi aliteleza kwenye ngazi za stoo akiwa amekumbatia jora la kitambaa, akavunjika goti, akazimia. Mkasi alimbeba mgongoni mpaka barabarani kutafuta gari, akilia njia nzima, ingawa ukimuuliza leo atakwambia lile lilikuwa jasho. Hospitali wakampasua, wakamtia vyuma, akakaa kitandani hadi akachoka kuitazama dari.

Aliporudi kazini akakuta mambo yamegeuka. Cherehani yake imehamishiwa barazani asije akapanda ngazi. Juu yake Mkasi amemshonea kivuli, turubai zito la kijani lililofunika baraza zima, ili akae pale apigwe na upepo na aone watu wakipita. Akitaka uzi, analetewa. Akisimama, watu watatu wanasimama. Walimpenda, hilo halina ubishi. Walimpenda mpaka wakamfanya yai.

Kwa hiyo siku Mkasi alipotangaza habari ya kambi, na Shangazi akasema, "Na mimi nimo," karakana nzima iliinama ghafla kutafuta sindano ambazo hazikuwa zimepotea. Mkasi akamshika bega kwa ule upole anaoutumia kwa wateja waliofuata nguo ambayo haijaisha.

"Shangazi, wewe pumzika. Tutakuletea picha."

Picha. Mwanamke aliyeisimamisha karakana hii tangu ikiwa cherehani moja na kibatari, leo aletewe picha. Alitazama huku na huku kutafuta mtu wa kumtetea. Mama Vifungo alikuwa akitikisa kichwa kukubaliana na Mkasi. Bwana Pasi naye. Hata Baba Suruali.

Si kwamba alikuwa na hamu kubwa sana ya kulala chini. Alichokihofu ni kwamba akibaki safari hii, ndiyo basi, atakuwa mtu wa kubaki. Watazoea. Mwakani hawatamuuliza hata kwa adabu. Na yeye mwenyewe atazoea, atakaa chini ya kivuli chake akisubiri picha, na hilo ndilo lililomtia baridi kuliko yote. Akakata shauri kwamba atakwenda, na hakumwambia mtu.

Tangu siku hiyo, kila alfajiri kabla karakana haijafunguliwa, alikuwa akijaza vipande vya vitambaa kwenye mkoba, anauvaa mgongoni, anakipanda kile kilima chenye tangi la maji nyuma ya nyumba yake. Siku za mwanzo aliishia kwenye nguzo ya kwanza ya umeme, akakaa juu ya jiwe kulitukana goti lake matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele za watu. Baadaye akaifikia nguzo ya pili. Mwishowe akawa anafika kwenye tangi lenyewe, analipiga kofi, anarudi nyumbani kunywa chai. Mlinzi wa tangi alidhani mama huyu ana nadhiri.

Sasa tuje kwenye hema, maana hapo ndipo mafundi wetu walipojivua nguo wenyewe.

Mkasi alitaka kukodi. Baba Suruali akakataa katakata. Huyu ndiye fundi wa suruali, pande la mtu, sauti nzito, moyo laini ajabu. "Sisi tunaovalisha mtaa mzima," akasema, "tukalale kwenye hema la kukodi? Lenye viraka vya fundi mwingine?" Hapo aliwagusa penye kiburi. Wakanunua jora la turubai la khaki, na kila jioni baada ya kazi wakawa wanashona hema lao wenyewe.

Na walilishona kama walivyozoea kushona kila kitu. Walichukua vipimo.

Walilala chali sakafuni, bega kwa bega, wote wanne, wakipokezana futi. Na yeyote aliyewahi kupimwa nguo anajua, futi likikugusa tu, tumbo linaingia ndani lenyewe. Mama Vifungo alivuta pumzi akaizuia. Baba Suruali, ambaye kila siku huwagombeza wateja kwa kubana matumbo, alibana la kwake mpaka macho yakamtoka. Bwana Pasi alilala amenyooka kama aliyepigwa pasi. Mkasi akasoma, akaandika kwa chaki sakafuni, na kwa kuwa sifa yake mjini ni nguo inayokaa mwilini, hakuongeza kitu.

Shangazi alikuwa mlangoni. "Mnapima hema au suti?" akauliza.

Wakacheka. "Shangazi, pumzika," akasema Mama Vifungo kutoka sakafuni, kwa sauti nyembamba ya mtu asiyepumua.

Basi akapumzika. Alirudi barazani akafunga mdomo wake, na nisiwafiche, kunyamaza kule kulikuwa na utamu wake.

Siku moja kabla ya safari, mchana, baada ya ile kesi ya pasi, wakalitoa hema uani kulijaribu. Mabegi yalikuwa yamepangwa ukutani, sufuria zimefungwa, tochi zimetiwa betri, dereva wa gari ameshaambiwa asubuhi aje. Wakasimamisha nguzo, wakakaza kamba, na hema likasimama. Lo, lilikuwa zuri jamani. Mishono imenyooka, pembe zimekaa, pindo limepigwa mara mbili, zipu inateleza kama imepakwa mafuta. Mama Vifungo alilizunguka akilipapasa. Kisha wakavua viatu, wakaingia, wakalala bega kwa bega kama siku ile ya vipimo, wakafunga zipu. Waliingia barabara. Hapakubaki hata nafasi ya kuingiza kidole.

Kisha wakapumua.

Kutoka barazani Shangazi aliliona hema likivimba upande mmoja, likabonyea mwingine, likaanza kufurukuta kama tumbo la mama mjamzito anayepigwa mateke.

"Nani kaniwekea kiwiko?" ilisikika sauti ya Bwana Pasi.

"Si changu, changu kiko chini ya Baba Suruali."

"Baba Suruali, geuka kidogo."

"Nikigeuka mimi, tunageuka wote."

"Nani yuko karibu na zipu?"

"Mimi," akasema Baba Suruali kwa huzuni, "lakini siuoni mkono wangu."

Lingekuwa limeshonwa ovyo lingechanika likawaokoa. Tatizo lilishonwa na mafundi. Liliwabana vilevile koti zuri linavyombana mtu aliyenenepa, na halikutoa hata uzi mmoja. Shangazi aliinuka, akashuka uani taratibu bila haraka yoyote, akainama akavuta zipu. Wakatoka mmoja mmoja, jasho likiwatiririka, nywele za Mama Vifungo zimesimama.

"Limewakaa vizuri," Shangazi akasema.

Hakuna aliyecheka. Jora la turubai lilikuwa limekwisha, na walikolinunua hawakufungua siku hiyo. Hema hilo lilikuwa halimruhusu mtu kujikuna, seuze kulala, seuze kuweka mabegi mvua ikinyesha. Wakaanza kulaumiana. Mama Vifungo alimlaumu Mkasi kwa kupima, Mkasi akamlaumu Mama Vifungo kwa kuzuia pumzi, Bwana Pasi akasema yeye hakubana chochote, ndivyo alivyo. Mwishowe Mama Vifungo, ambaye mdomo wake hauna breki, akasema lile ambalo wengine walikuwa wakilimung'unya.

"Angebaki Baba Suruali, sisi watatu tungeenea."

Alilisema nusu utani. Lakini nusu ya pili ikabaki imening'inia pale uani, na Mkasi akaiokota. Akakuna kichwa, akatazama chini, akasema polepole, "Labda kweli, kaka. Kwa mwaka huu tu. Tungekuletea picha."

Baba Suruali alimtazama. Kidevu chake kikaanza kucheza. Mtu mkubwa vile, mwenye mkono unaoweza kuinua cherehani na meza yake, alikaa juu ya sufuria iliyofungwa.

"Mimi ndiye niliyesema tushone," akasema. "Nimenunua hadi viatu."

Kisha akageuka, akamtafuta Shangazi kwa macho.

"Shangazi, siku ile uliambiwa hivi hivi. Na mimi nilitikisa kichwa."

"Ulitikisa."

"Sikujua kama inauma hivi."

"Inauma," Shangazi akasema. Alikuwa amejiandaa kufurahia. Wiki nzima alikuwa akiisubiri siku hii ili awacheke vizuri, na sasa imefika, hakuona cha kuchekesha. Moyo ulimuuma kwa ajili ya Baba Suruali kama vile ulivyomuuma kwa ajili yake mwenyewe. "Hakuna anayebaki. Futa pua, kaniletee ngazi."

Ngazi ikaletwa. Akaisimamisha barazani, akamwambia Baba Suruali apande afungue kamba za kivuli.

Mkasi akaja mbio. "Shangazi, hicho ni kivuli chako."

"Ni changu. Ndiyo maana nakikata."

"Utakaa wapi?"

"Ndani, na wenzangu. Kwani humo ndani mmefuga chui?"

Turubai la kijani likaanguka kwa kishindo na vumbi lake, na baraza likajaa jua. Wakaliburuta hadi uani. Shangazi akachukua wembe, akafumua ubavu mmoja wa hema kutoka juu mpaka chini, mshono mzuri ule, Mkasi akiutazama kama anapasuliwa yeye. Halafu akawaamuru walale chini juu ya turubai la kijani.

"Si hivyo," akasema, maana walishalala chali na kunyooka. "Hivyo ni kupimwa. Laleni kama mnavyolala kwenu."

Waliona aibu kidogo. Kulala kwa mtu ni siri yake na mwenzake. Lakini Shangazi alisimama juu yao na chaki, na sura yake haikuwa ya mchezo, basi mmoja mmoja wakajiachia. Mama Vifungo akatupa mkono huku na mguu kule, akachukua eneo la familia. Baba Suruali, aliyenusurika kuachwa kwa ukubwa wake, akalala ubavu, akakumbatia magoti, na kumbe akilala ni mdogo kuliko Mama Vifungo. Na Bwana Pasi, adui wa mikunjo, alijikunja akawa kama shati lililosahaulika kwenye beseni. Mkasi alilala kifudifudi, mikono juu ya kichwa, mdomo wazi. Hivyo ndivyo alivyolala tangu utotoni, na Shangazi alijua bila kuangalia.

"Pumueni," akasema. "Tena. Toeni matumbo. Hakuna mteja hapa."

Walipomaliza kucheka akapiga chaki kuwazunguka. Kuinama kulimuuma, meno aliyauma, lakini alipiga mstari wote mwenyewe. Kisha, pale mstari ulipoishia, kando ya Mkasi, akajishusha chini, mkono mmoja juu ya turubai, mguu mbaya umenyooshwa mbele, akalala ubavu. Akamnyooshea Mkasi futi.

"Haya. Nipime na mimi."

Mkasi aliinuka akapiga magoti, futi mkononi. Hakulikunjua.

"Shangazi, hema linatosha sasa. Umetuokoa. Nakushukuru mbele ya watu wote."

"Shukrani sikuziomba. Nipime."

"Kule ni kupanda. Gari halifiki. Ukianguka hospitali iko mbali." Sauti yake ikaanza kukatika. "Nilikubeba mgongoni siku ile. Ulikuwa hujitambui, kichwa chako kinanigonga begani, nikajua umekufa. Nilitembea nikijua nimebeba maiti. Siwezi kukubeba tena namna ile, Shangazi. Siwezi."

Shangazi alimtazama yule mwanaume mwenye mvi zake za kwanza, akamwona mtoto aliyefiwa na baba yake akasimama mlangoni kwake na kiatu kimoja. Alimhurumia, na alimkasirikia vilevile, na vyote viwili vilikuwa vya kweli.

"Sikukuomba unibebe," akasema. "Nimekuomba unipime."

Mkasi akaliviringisha futi kidoleni.

"Nisikilize. Kila alfajiri napanda kwenye tangi la maji na mzigo mgongoni. Kamuulize mlinzi, anadhani nimeingiwa na wazimu. Naweza kupanda. Naweza pia kuanguka, kama wewe, kama Mama Vifungo na ule mto wake. Na turubai hili msidhani nanunulia nafasi. Lichukueni hata nisipokwenda, sidai kitu. Siendi kwa sababu nimewasaidia. Naenda kwa sababu nataka kwenda. Mimi bado ni mtu wa kutaka vitu, mwanangu. Umeniwekea kivuli nikiwa sijafa."

Ilikuwa kauli kali, na aliona ilivyomwingia. Mkasi alifuta uso kwa mkono wake wenye chaki, akabaki na ndevu nyeupe. Akalikunjua futi. Akampima Shangazi kutoka kisogoni mpaka kisiginoni, kwa makini, kama anapima nguo ya harusi, na mara hii alipofika mwisho akaongeza nafasi ya kutosha kugeuka.

"Jasho," akasema, akijipangusa macho.

"Ndiyo, jua kali," Shangazi akakubali.

Aliyekata ni Shangazi. Mkasi alimpa mkasi wake, jambo ambalo halijawahi kuonekana, na akashika ncha ya kitambaa kama mwanafunzi. Cherehani ikaingizwa ndani, mahali pake pa zamani karibu na dirisha, na wote wakajipanga kulibeba lile turubai zito lipite chini ya sindano, huku Shangazi akikanyaga kwa mguu mzima na ule wa vyuma ukiitikia. Mshono wa kwanza, mshono wa pili, pindo. Taa za mtaani hazijawaka, hema likasimama tena uani, khaki lenye ubavu wa kijani. Wakaingia watano. Wakapumua. Baba Suruali akageuka kulia, akageuka kushoto, kwa raha ya mtu aliyenunua shamba.

"Sasa begi lako, Shangazi," akasema Mama Vifungo walipotoka. "Nikusaidie kulipanga?"

"Limeshapangwa."

Lilikuwa nyuma ya cherehani, limefungwa siku nyingi. Mama Vifungo akatumbukiza mkono, kama kawaida yake, akatoa gauni moja, shuka, sweta, tochi, sabuni na chupa ya mafuta ya kuchulia goti. Akapapasa chini asipate kitu kingine.

"Ndiyo haya tu?"

"Nitalibeba mwenyewe. Ndiyo hayo tu."

Mama Vifungo alikwenda kwenye begi lake akalitazama kwa muda. Akatoa kioo. Akatoa makopo. Mto wa marinda aliushika, akaurudisha, akautoa tena. Kule pembeni Bwana Pasi alisharudisha pasi ya mkaa mezani mwenyewe bila kusukumwa na mtu, akaipigapiga mgongoni kuiaga.

Kesho yake gari liliwashusha mwisho wa barabara. Njia ilikuwa nyembamba, yenye mizizi, ikipanda kati ya miti mpaka isionekane. Shangazi alivaa begi lake, akakaza mikanda, akatangulia.

Hatua chache tu akasikia mtu anampumulia kisogoni.

"Mbona uko nyuma yangu?"

"Nimechoka kidogo," akasema Mkasi.

"Muongo. Pita mbele, unaniharibia mwendo."

Mkasi akapita mbele, lakini kila baada ya hatua mbili shingo yake ilikuwa inageuka kumtazama Shangazi, mpaka akakwaa mzizi akaenda chini na sufuria zote. Mlio ulisikika bonde zima. Shangazi alicheka akashika mti asianguke naye.

Nguzo za umeme hazikuwepo huko, basi akajitungia zake. Mti ule wenye kovu. Jiwe lile. Kichaka kile. Pumzi zilimpanda, mikanda ikamkata mabega, na mlima ule, nisiwadanganye, haukuwa ule wa tangi la maji. Palipokuwa pakali zaidi goti likagoma. Halikuuma tu, liligoma, kama punda. Akakaa juu ya jiwe, uso umebadilika rangi, na msafara mzima ukasimama.

Hakuna aliyemwambia apumzike. Baba Suruali alitua begi lake akakaa naye, akasema hata yeye viatu vipya vinamuua. Mkasi akarudi chini. Alisimama mbele ya Shangazi, na mikono yake ilionekana kabisa inataka kumnyakua, imtie mgongoni, imrudishe kwenye gari. Akaifumbata.

"Unataka nini, Shangazi?"

Aliinua uso kumtazama. Tangu avunjike goti, watu walikuwa wakimwambia. Huyu sasa alikuwa anamuuliza.

"Maji," akasema.

Akapewa maji. Akanywa taratibu, akajifuta mdomo, akasimama. Mguu mzima ukatangulia, ule mwingine ukaburutwa kuufuata, ukalalamika, ukafuata tena. Mbele yake Mkasi alipanda bila kugeuka nyuma, shingo yake imekakamaa kwa kujizuia, na Shangazi alijua kwamba kutogeuka kule kulimgharimu kuliko mizigo yote aliyobeba. Alimpenda kwa hilo kuliko kwa kile kivuli.

Kisha miti ikaisha. Pakatokea uwanda wa nyasi, upepo ukawapiga vifuani, na chini kabisa ziwa likawa limetandazwa lote, halina mwisho. Shangazi alitembea mpaka ukingoni, akavua begi, akaliweka chini. Alikaa kwenye nyasi akanyoosha miguu yote miwili mbele yake, akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, machozi yakimtiririka mpaka shingoni asihangaike kuyafuta.

Mkasi alikuja akachuchumaa pembeni yake.

"Goti linauma?"

"Linauma sana," Shangazi akasema, akilitazama ziwa. "Linauma sana, mwanangu, na niko nalo huku juu."